Naambiwa Anaendelea Vizuri, Kumbe Kidonda Kimeachana

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 29, na nafanya kazi katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja mkoani Tanga. Wagonjwa wetu wengi si watu wa mjini. Wanateremka kutoka milima ya Usambara, wanatoka vijiji vya ndani vya Handeni na Kilindi, wengine wanatoka pwani ya Pangani na Mkinga, na wakisharuhusiwa hatuwaoni tena mpaka siku ya kutoa nyuzi. Wapo ambao hata siku hiyo hawarudi, kwa kuwa nauli ya kuja na kurudi ni fedha ambayo nyumba nzima ingeila kwa wiki.

Kwa sababu hiyo daktari wetu alipendekeza kwamba kila aliyefanyiwa upasuaji apigiwe simu baada ya kufika kwake, aulizwe hali yake, na akionekana ana tatizo aitwe mapema. Kazi hiyo nilipewa mimi, eti kwa kuwa nina maneno mazuri. Nilinunua daftari, nikachora safu za jina, namba ya simu, aina ya upasuaji na tarehe ya kuruhusiwa, na kwa wiki za mwanzo nilijiona nafanya jambo kubwa. Watu walifurahi kupigiwa, walishukuru, waliniombea dua, na mbele ya karibu kila jina niliandika maneno mawili: anaendelea vizuri.

Kisha akaja mama mmoja wa huko milimani, aliyejifungua kwa upasuaji na kuruhusiwa siku ya tatu. Nilipiga simu siku ya tano, akapokea mumewe, akasema, "Anaendelea vizuri, sista, tunashukuru sana." Nikapiga tena siku ya nane, nikajibiwa hivyo hivyo. Siku ya kumi na mbili aliletwa, kwanza kwa bodaboda mpaka barabarani, akiwa ameshikiliwa na watu wawili, kisha kwa gari, homa imempanda, kidonda kimeachana, usaha unatoka na harufu yake inamtangulia mlangoni. Tulipokisafisha tulikuta unga wa kapsuli umeganda ndani. Mama mkwe wake alikuwa akizifungua na kuunyunyiza unga huo kila jioni, kama alivyoambiwa na jirani. Homa ilikuwa imeanza siku ya sita, yaani siku mbili kabla ya simu yangu ya pili.

Nilimuuliza yule mume, kwa hasira ambayo sasa naionea haya, kwa nini alinidanganya. Akanijibu kwa upole, "Sista, mimi niko kambini kwenye mkonge, nyumbani narudi Jumamosi. Uliniuliza mgonjwa anaendeleaje, nami nikakujibu." Simu katika nyumba hiyo ni moja, na anakuwa nayo yeye. Mama huyo ameshonwa upya na bado yumo wodini, na mtoto wake ni mzima, lakini kila ninapokifunga kidonda chake nakumbuka yale maneno mawili ya daftarini.

Mengine ni madogo, ila yanachosha. Laini ninayotumia ni yangu na vocha ni yangu. Wagonjwa wananibipu saa sita ya usiku, na mume wangu ameanza kununa. Namba moja niliyopewa kumbe ni ya mwenye duka, ambaye alipopokea alimwita mgonjwa kwa sauti mbele ya wanunuzi, kwamba hospitali wanamtafuta mzee wa busha. Tangu siku hiyo mzee huyo hapokei simu yetu yoyote. Mwenzangu mmoja anashauri tuwaambie wagonjwa watutumie picha za vidonda kwa WhatsApp, na mwingine anasema tukifanya hivyo tutashtakiwa.

Nauliza, Mama: niendelee na kazi hii, au nimwombe daktari turudi kwenye utaratibu wa zamani wa kuwapa wagonjwa tarehe na kuwasubiri? Na nikiendelea, nitaujuaje ukweli wa mtu nisiyemwona?

Muuguzi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Usiiache kazi hiyo. Huo utaratibu wa zamani unaoutaja nimeufanyia kazi miaka mingi, na nakumbuka tulivyokuwa tukiandika barua na kumpa kondakta wa basi aiache kwenye kituo fulani, kwa mwenye hoteli fulani, ampe mtu yeyote anayepanda mlima kwenda kwa mgonjwa. Nyingine zilifika baada ya mwezi. Wewe unaweza kuisikia sauti ya nyumba ya mgonjwa wako siku ya tano, na hilo ni jambo ambalo sisi tungelilipia. Kilichoharibika kwako ni swali, pamoja na mtu aliyeulizwa.

Fikiri jinsi tunavyosalimiana. Mtu akiulizwa hujambo husema sijambo, hata kama ametoka kulazwa jana; akiulizwa habari za nyumbani husema njema, kisha, baada ya pumzi moja, ndipo anapokuambia kwamba nyumbani wamefiwa. Nimewahi kusikia msibani mtu akijibu, "Nzuri, ila ndiyo hivyo tena." Huyo hakusema uongo. Ndivyo tulivyolelewa, kwamba habari mbaya haimrukii mtu usoni, bali hutanguliziwa njema ili anayeisikia apate pa kukaa. Sasa wewe umepiga simu, umesalimia, kisha ukauliza mgonjwa anaendeleaje, na katika masikio ya aliyepokea hiyo ilikuwa salamu ya tatu, yenye jibu lake lililowekwa tangu zamani. Zaidi ya hapo, anaongea na sista wa hospitali, mtu aliyemtendea wema mkewe, na kumwambia kwamba kidonda kimeharibika ni kama kumlaumu kwa kazi yake. Yule bwana alikuambia kweli aliposema kwamba alikujibu. Ulichokihitaji kilikuwa nyuma ya neno "ila", na simu ilikatwa kabla "ila" haijafika.

Kwa hiyo salimia, na usalimie kikamilifu, maana huku kwetu mtu anayeruka salamu hasikilizwi. Ukimaliza, tangaza kwamba kazi inaanza. Sema, "Mama, salamu zimekwisha, sasa nakuuliza maswali ya kidonda kama tulivyokubaliana wodini, na majibu yako nayaandika." Baada ya hapo uliza mambo ambayo neno "nzuri" haliwezi kuyajibu. Badala ya kumuuliza kama ana homa, muulize usiku wa jana alijifunika nini, kama alitetemeka, kama alitoka jasho mpaka akabadilisha kanga. Muulize kama maumivu ya leo yamezidi ya juzi au yamepungua, kwa sababu maumivu ya kidonda kinachopona hupungua siku hadi siku, na yakianza kupanda tena yana jambo yanalolisema. Mwombe aweke kiganja juu ya ngozi iliyo karibu na mshono, kisha akihamishie ubavuni, akuambie wapi pana joto zaidi. Mwambie akitazame kitambaa alichokitoa asubuhi, naye akuelezee: ni kikavu, kina majimaji, majimaji hayo yana rangi gani, yananuka?

Vitabu vingi vilivyotufundisha vinasema tutafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, na muuguzi anayesubiri kuambiwa "pamekuwa pekundu" atasubiri mpaka usaha utoke. Uliza kuhusu joto, ugumu, kuvimba, na ngozi kung'aa kana kwamba imepakwa mafuta.

Aliyepasuliwa tumbo umuulize pia chakula kilichokaa na kilichotoka. Akiwa anatapika, tumbo limejaa na upepo umegoma kutoka, usiendelee na maswali, mwite. Aliyejifungua muulize anabadilisha vitambaa mara ngapi kwa siku na kama damu ina harufu, na umuulize kuhusu miguu: mguu mmoja ukivimba na kigimbi kikauma, au kifua kikambana ghafla akakosa pumzi, hiyo ni dharura ambayo haina uhusiano na usafi wa kidonda, na watu wengi hawajui kwamba inatokana na kulala muda mrefu na damu kuganda. Kwa mama aliyejifungua, au mtoto wake mchanga, namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama hupigwa bure; iandike kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa kwa tarakimu kubwa.

Lipo swali moja ninalolipenda kuliko yote hayo, nalo sikulikuta katika kitabu: "Kidonda mmekiweka nini?" Liulize hivyo hivyo, kana kwamba kila nyumba huweka kitu, kwa sababu ukiuliza "Hamjaweka kitu, sivyo?" utaambiwa hawajaweka. Unga wa kapsuli umeenea mno katika nchi yetu. Watu wameona kwamba unakausha, na ni kweli unakausha: hufanya ganda juu, na usaha hubaki umefungiwa chini yake, huku dawa ambayo ilitengenezwa imezwe ikiwa haifanyi kazi yake. Uliza na habari ya kukanda. Mzazi wa pwani na wa milimani hukandwa maji ya moto, na bibi anayekanda hajui, au hajaambiwa na mtu, kwamba tumbo lenye mshono halikandwi. Muulize tena nani anayechota maji, maana mama akianza kubeba ndoo wiki ya pili, hakuna bandeji itakayomsaidia.

Umeona kwamba maswali haya yote majibu yake anayo mama mkwe? Yeye ndiye anayemwogesha mzazi, ndiye anayepika uji, ndiye aliyenyunyiza unga. Katika barua yako ametajwa mara moja tu, kama mkosaji. Mimi ningemfanya mlinzi wa kidonda. Mkalishe siku ya kuruhusiwa, mwonyeshe kidonda kilivyo kikiwa kizuri, mshikishe pembeni mwake ajue joto lake la kawaida, kisha umwambie kwamba simu utampigia yeye. Mtu mzima akipewa dhamana mbele ya watu huitunza. Akigombezwa na binti wa umri wako ataficha hata lile ambalo angelisema.

Hapo ndipo ninaposema kwamba simu ya mgonjwa huanza akiwa bado kitandani. Namba iliyo kwenye faili usiiamini, kwa kuwa mara nyingi ni ya yule aliyemleta siku ya kulazwa, ambaye huenda ni mjomba wa Muheza mjini asiyejua hata njia ya kufika kwa mgonjwa. Muulize: simu hii inalala nyumba gani? Nani anatoka nayo asubuhi? Inachajiwa nyumbani au dukani, na mtandao unashika wapi, saa ngapi? Kuna vijiji vya milimani ambako mtandao unapatikana kwenye mgongo mmoja wa kilima, na watu hupanda huko jioni. Ukipiga saa nne asubuhi utasikia tu kwamba mteja hapatikani, nawe utaandika "hapatikani" kana kwamba amehama. Chukua namba mbili, na moja iwe ya mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa. Kisha piga hapo hapo, mbele yake, namba yenu ihifadhiwe kwa jina kwenye kitochi chake. Siku hizi namba ngeni inayosema "natoka hospitali" hudhaniwa ni ya tapeli, na watu wana haki, maana wengi wamekwisha kulizwa na sauti zinazosema ndugu yao amelazwa na fedha inatakiwa haraka. Mwambie wazi kwamba ninyi hamtamwomba fedha kwa simu hata siku moja.

Mkubaliane pia nini kitasemwa akipokea mtu mwingine. Yatosha kusema, "Namtafuta mzee fulani, nitapiga tena saa kumi na mbili jioni." Jina la ugonjwa halitamkwi kwa asiye mgonjwa, hata awe mkewe, mpaka mgonjwa mwenyewe akuruhusu. Mzee wako wa busha hakukasirikia simu. Pwani yetu inajua matende na mabusha tangu mababu, yanaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na hakuna aibu ya kisayansi ndani yake. Lakini aibu ya barazani ipo, na mwanamume aliyejificha kwa miaka mingi kabla ya kukubali kupasuliwa amerudishwa kwenye aibu hiyo mbele ya wanunuzi wa sukari. Usimpigie wewe. Mwombe muuguzi wa kiume, mtu mzima kidogo, afike kwake kama anaweza, au apitie kwa mganga wa zahanati ya karibu, aombe radhi kwa niaba ya wodi, kisha amuulize kama sehemu ile imevimba upya au imekuwa ngumu, maana baada ya upasuaji wa busha damu huweza kujikusanya ndani na watu wakadhani ugonjwa umerudi. Na kwa wazee wengine watakaofuata, ambao najua watakuwa wengi, tangu mwanzo mpangie mwanamume awapigie.

Siku zako ulizichagua vyema, hilo nataka ulijue. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 10, na mama aliyejifungua kwa upasuaji hutoka kwenu siku ya tatu, kidonda kikiwa bado kinapendeza, kisha kinaharibikia nyumbani msipokiona. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda, yaani mmoja kati ya watano pale hali ilipo mbaya. Kwa hiyo siku ya tano na ya nane zibaki, ongeza ya kumi na mbili, na mpigie mara ya mwisho siku ya 30, kwa kuwa mpaka hapo kidonda kikiharibika bado huhesabiwa kuwa ni cha upasuaji wenu.

Lakini simu yenyewe haisafishi kidonda. Ukishasikia "ila", mgonjwa aende wapi? Ukimwambia tu "njoo hospitali", umemrudisha kwenye nauli ile ile iliyomzuia. Zahanati ya kijiji chake inaweza kusafisha, kufunga bandeji, kutoa nyuzi na kupima joto. Kwa kila mgonjwa andika zahanati iliyo karibu naye, tafuta namba ya mganga au muuguzi wa hapo, na siku unaporuhusu mgonjwa mtumie ujumbe mfupi kwamba anakuja mtu wa aina fulani, tarehe fulani. Hivyo simu yako ya siku ya nane inakuwa na mlango wa kumpeleka mgonjwa asubuhi inayofuata, kwa miguu. Anayekuja kwenu awe yule ambaye zahanati imemshindwa au dalili zake ni za hatari.

Wenzetu wa Rwanda, katika wilaya ya Kirehe, walifanya jambo hili kwa namna yao. Wahudumu wa afya wa jamii waliwatembelea nyumbani wanawake waliojifungua kwa upasuaji, karibu siku ya kumi, wakiwa na simu mkononi, wakawauliza maswali machache na kukipiga kidonda picha ili kitazamwe na waliobaki hospitali. Maswali yaliyobeba uzito yalikuwa juu ya homa, maumivu yanayoongezeka, na majimaji yenye rangi isiyo ya kawaida, ambayo utaona ni yale yale ninayokupa. Ninalolipenda hapo ni kwamba simu ilibebwa na mtu aliyekwenda mpaka mlangoni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hata huku wapo, na mmoja wao katika kijiji kisicho na mtandao anafaa kuliko vocha za mwezi mzima.

Kuhusu nauli, usitoe mfukoni mwako, kwa maana utaanza na mmoja na hutajua pa kuishia. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa kwa ajili ya wanawake waliokuwa mbali wenye fistula, yaani tundu linaloachwa na uzazi mgumu na kuvujisha mkojo au kinyesi: fedha ilifika kwa balozi wa kujitolea, naye akamtoa mgonjwa kijijini na kumpandisha basi. Huo ulikuwa mfuko wa hospitali, wenye hesabu zake. Wa kwenu upitie kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye ndiye mwenye jukumu la wagonjwa wasio na uwezo, na daftari lako likiwa na majibu ya kweli litakuwa ushahidi wake wa kuomba.

Picha za kidonda zinasaidia, nami sizikatai, ila mwenzako anayesema mtashtakiwa hajakosea sana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na picha ya tumbo la mama ni taarifa ya afya hata kama haina jina. Pata idhini yake iliyoandikwa. Ipigwe mchana penye mwanga, ionyeshe kidonda na kiganja kimoja pembeni cha kulinganishia ukubwa, bila uso. Ije kwenye simu ya wodi, isipite kamwe katika kundi la wafanyakazi, na simu hiyo ifungwe ule mpangilio unaohifadhi kila picha kwenye albamu, maana nimeona mtoto wa muuguzi akitafuta katuni akakutana na mshono wa mtu. Ikishatazamwa na majibu kuandikwa kwenye faili, ifutwe. Na wenye vitochi, ambao kwenu naamini ndio wengi, wabaki na maswali. Maswali yakiulizwa vizuri hawatapungukiwa sana.

Sasa mume wako. Mimi naona ananuna kwa haki. Kazi ya wodi imehamia kitandani kwake bila yeye kuulizwa. Nenda kwa muuguzi kiongozi wa wodi, naye akupeleke kwa mganga mfawidhi, mkaombe kifaa na laini iliyosajiliwa kwa jina la hospitali, na kifurushi cha mwezi, ambacho bei yake ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya kumlaza mgonjwa aliyeshonwa upya. Peleka kisa cha mama huyu bila jina lake, na orodha ya vitu vilivyotumika tangu arudi: dawa, maji ya dripu, nyuzi, damu kama aliongezewa. Simu hiyo ibaki wodini usiku na mchana, ipokewe na muuguzi wa zamu, na anayebipu apigiwe. Wagonjwa wenye namba yako wapigie mmoja mmoja uwape namba mpya. Itachukua jioni mbili tatu, lakini ujumbe mfupi peke yake hautoshi, kwa kuwa wengine husomewa na watoto, na wengine hawasomewi kabisa.

Yule bwana wa mkonge usimkwepe kwa sababu ya haya. Mwombe radhi kwa ile hasira, kisha muulize nyumbani kwake nani ana simu, au nani anaweza kuachiwa laini, na kama hakuna, jirani gani anaaminiwa na mkewe, si na yeye. Siku mkewe anaruhusiwa mara hii ya pili, keti nao wote watatu: yeye, mkewe na yule mama mkwe. Kisha wewe toka nje ya wodi, simama uani, piga hiyo namba, na mama mkwe apokee akiwa kando ya kitanda. Salimia mpaka mwisho, halafu muulize maswali yote, moja baada ya jingine, huku yeye akishika, akitazama kitambaa na kukujibu. Wakikuruhusu, rudia mara ya pili, na usikate simu mpaka umsikie mwenyewe akisema, "Ni mzima, sista, ila hapa pembeni pana joto kidogo," hata kama siku hiyo hapana joto lolote.